Kiberenge amekufa, na sikumfufua

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Singida aliniandikia: "Kaka, ule mchezo wa marubani wa anga za juu nimeuanza. Rubani wangu bora kapigwa misheni ya pili tu. Nikitupa dadu upya kuna ubaya gani, si nacheza peke yangu?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Jumamosi ikafika, nikampoteza Kiberenge, na jibu limekuwa hili.

Kwa mgeni: hivi ni vita vya mezani, mimi upande mmoja, dadu na jedwali upande wa pili. Nina marubani wanne, Kiberenge, Zabibu, Mbuyu na Vumbi, na kila mmoja ana ukurasa wake kwenye daftari: misheni alizoruka, ndege alizoangusha, uchovu alionao. Ndege zetu ni vizibo vya soda. Adui ni vizibo vya bia, nilivyookota nje ya baa moja hapa Nkuhungu huku wahudumu wakinitazama kwa huruma. Kanuni nilizishusha mtandaoni, nikaziprinti steshenari, halafu nikazikarabati mpaka nadhani waliozitunga wasingezitambua. Na usichezee barazani. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane ulinihamishia kikosi kizima cha adui kwa jirani.

Utamu wenyewe uko kwenye mwendo. Huko juu hakuna hewa ya kukupunguza kasi. Ukishaichukua unakwenda nayo mpaka uchome injini kuelekea upande mwingine. Kwa hiyo kila ndege ina vizibo viwili: kimoja ni pale ulipo, cha pili ni pale utakapokuwa zamu ijayo usipogusa kitu. Ukichoma injini, unakisogeza kile cha pili hatua moja. Basi. Unaweza kuuona mwamba mbele, ukaujua kwa zamu tatu nzima, na bado ukaugonga. Mwendo wa namna hii si mgeni, mchezo wa mezani uitwao Triplanetary ulikuwa nao mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Mchezo ulifika mezani mapema kuliko wizara zilivyofika hapa.

Sasa Jumamosi. Misheni ya saba, Kiberenge ana kasi ya hatua tano, adui watatu mgongoni. Kila mmoja akipiga, natupa dadu nne za kukwepa, nahitaji sita moja tu. Wengi huona dadu nne ni kama uhakika. Hesabu inasema hivi: kukosa sita kwenye dadu nne ni mara 625 katika 1,296, karibu nusu kwa nusu. Kukosa mara tatu mfululizo ni kama mara moja katika tisa. Nikakosa ya kwanza. Nikakosa ya pili. Ya tatu zikaja tano, tano, tano, mbili. Ile tano ya mwisho iliegemea ukingo wa kikombe cha chai, na ungeinama upande wa kushoto ungeapa kwamba inataka kuwa sita.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Kwa nini sikuigusa?

Kwa sababu nilishaigusa mara moja. Kampeni yangu ya kwanza, Zabibu alipigwa misheni ya tatu. Dadu ilitoka moja, nikasema imegonga sahani, haihesabiki, nikatupa tena. Akapona. Akaruka mpaka misheni ya kumi, akawa shujaa, nami nikaandika hapa makala ndefu ya majigambo ambayo baadhi yenu mliisifu. Jioni ile mpwa wangu, yuko darasa la sita, alikuwa anafuta vizibo kwa kitambaa. Akasema bila hata kuinua macho: "Mjomba, ila ile ya kwanza ilikuwa moja." Kumbe alikuwepo siku ile, kakaa kwenye mkeka muda wote. Nilimwambia akalale. Saa moja na nusu ya usiku.

Mtauliza kwa nini nacheza peke yangu. Walikuwepo jamaa watatu. Tuliahidiana kila Jumamosi, nikawaprintia karatasi zao kwa hela yangu, nikanunua dadu za kutosha watu wanne. Walikuja mara moja. Wiki ya pili kulikuwa na mechi, wiki ya tatu mmoja akaniambia mbele za watu, "Mtu mzima na vizibo." Huyohuyo saa nzima kijiweni anacheza drafti, kwa vizibo! Dadu zao bado ninazo kwenye kopo. Sina kinyongo, nasema tu kwamba ninazo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Singida, andika kwenye daftari. Andika kwa kalamu ya wino, si penseli. Kabla hujatupa, sema kwa sauti unahitaji ngapi, na uamue mapema kama dadu ikigonga sahani inahesabika. Halafu tupa mara moja. Kwenye bao mwenzako anakukodolea macho, huwezi kurudisha kete shimoni. Huku hakuna mwenzako, wewe ndiye mchezaji, mwamuzi na mtazamaji, na ukimhonga mwamuzi ujue umejihonga mwenyewe. Vijana wa siku hizi tunataka ushindi wa kupostiwa. Tunataka rubani asiyekufa, biashara isiyopata hasara, mtihani wa marudio mpaka tupendeze. Acheni. Andika kwenye daftari kilichotokea. Nilishasema? Narudia: andika.

Ukurasa wa Kiberenge nimeufunga kwa mstari mwekundu: misheni saba, ndege tisa. Vizibo vyake viwili viko dirishani. Jana mpwa wangu alikuja, akavitazama, akafungua daftari, akahesabu tano zile tatu kwa kidole. Kisha akavuta kiti upande wa adui, akauliza jedwali linasomwaje. Nimemtolea dadu kwenye lile kopo.