Jibu: Kiuno cha mama na tiba ya kairopraktiki

Ndugu yangu, umeuliza kama kairopraktiki itamfaa mama yako wa miaka 68 anayeumwa kiuno, na aanzie wapi hapa Kigoma. Tiba hiyo, iliyoasisiwa na D. D. Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895, hutumia mikono kusukuma viungo vya uti wa mgongo, na ule mlio unaosikika hutokana na gesi ndani ya kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake kama wengi tunavyoaminishwa. Kwa umri wake, ningempeleka kwanza Hospitali ya Maweni achunguzwe, kwa kuwa mifupa iliyodhoofika haifai kusukumwa kwa nguvu. Akifa ganzi miguu au akishindwa kuzuia mkojo, mpeleke siku hiyohiyo. Yeyote atakayemshika mgongo, mwulize alikosomea na leseni yake.