Shimo la mawe laweza kurudi kuwa msitu?

SWALI: Kijijini kwetu kuna shimo kubwa lililochimbwa mawe na kifusi kwa miaka mingi, na sasa limebaki jabali tupu linalotuama maji wakati wa masika. Wenzangu wanataka tulifukie kwa taka. Mimi nimesikia kwamba Mombasa shimo la aina hiyo limegeuzwa hifadhi ya wanyama. Je, ni kweli, na sisi tunaweza?
Msomaji, Kaskazini Unguja

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Mahali penyewe ni Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe katika miaka ya 1950 na kuacha uwanda mweupe usio na udongo, wenye maji ya munyu karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kujaribu miti; kati ya aina 26 alizopanda zilistahimili tatu tu, na uliotia fora ni mvinje, ambao vijidudu vya mizizini mwake huupatia naitrojeni kutoka hewani.

Hata hivyo, majani ya mvinje yalidondoka yakalala pale pale bila ya kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala. Akawakusanya jongoo kwa wingi, akawaachia chini ya miti, nao wakaifanya kazi iliyomshinda yeye. Viboko na twiga wanaopigwa picha na wageni katika hifadhi hiyo, iitwayo Haller Park, waliletwa baadaye.

Taka msitie kabisa, kwani jabali la uwandani limejaa nyufa na kinachomwagwa juu yake huishia visimani. Mwoneni kwanza sheha, kisha watu wa misitu, mjue ardhi hiyo iko chini ya nani. Pandeni mivinje; udongo ukianza kufanyika, ongezeni mikuyu, ambayo matunda yake huwavuta ndege na popo, nao huja na mbegu nyengine matumboni. Wanyama msiwalete: ikiwa jirani pamebaki kichaka, komba watahamia wenyewe. Paa nunga ni jambo jengine, maana hutaka kichaka kizito, na sitakuahidi. Pembe moja yenye maji iacheni kama ilivyo, mkiizungushia uzio kwa ajili ya watoto, na mbuzi wasiingie shimoni mpaka miche iwapite kimo.