Jibu langu kuhusu uongozi na machungu ya zamani

Ndugu uliyeuliza, umesema umepewa kuongoza watu kumi na wawili, na kila anayekukosoa unamwona yule mkubwa wako wa zamani aliyekudhalilisha mbele ya wenzako. Waliotangulia kujibu wamekuambia usamehe na usahau. Mimi sikusahau, na sidhani nitasahau. Ngoja nikueleze yangu.

Nina ateliye ya kushona hapa Goma, mtaa wa Majengo. Mwaka 2014 nilikuwa kwenye likelemba ya akina mama kumi, kila mwezi dola 50 kila mmoja, anayefikiwa na zamu anabeba zote 500. Zamu yangu ilikuwa ya nane. Mwezi huo ulipofika, mtunza pesa akakusanya kama kawaida, kisha simu yake ikazimwa. Nilikuwa nimeshatoa dola 400. Pesa iliniuma, lakini kilichonikata ni kwamba yule alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa watoto, na mimi ndiye niliyemleta kwenye kikundi.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi ateliye yangu yote ikawa unyasi. Funguo za mlango na za sanduku nilizifunga kwenye kitambaa kiunoni. Jioni nilihesabu rili za nyuzi na kupima kwa metre vipande vya kikwembe, yaani kitenge, vilivyobaki. Wasichana wangu watatu wa ateliye walifungua mifuko yao mlangoni kabla ya kwenda nyumbani. Hayo yote niliyaita utaratibu, na wateja walinisifu kwamba nina mkono mkali. (Sifa nazo zinadanganya, tena sana.)

Kisha volkano yetu, Nyiragongo, ikalipuka, Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni. Lava ilisimama Buhene, haikutufikia, lakini ardhi ilitetemeka siku nyingi baada ya hapo. Alhamisi tarehe 27 asubuhi gavana akatangaza mitaa kumi ihame, Majengo ikiwemo. Nilichukua watoto na mama yangu, tukaingia kwenye msururu wa watu kuelekea Sake, wengine wakisukuma magodoro kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Simu ilikufa njiani. Funguo nilikuwa nazo kiunoni.

Niliporudi, jirani akaniambia wasichana wangu walikaa mbele ya mlango wa ateliye siku ile mpaka mchana, mtaa ukiwa umebaki mtupu. Nikadhani walikuwa wakinisubiri mimi. Nikamuuliza yule mkubwa wao. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano ya mashine, hakuinua macho.

«Mama patroni, mlango ungevunjwa tukiwa hatupo, ungesema ni sisi.»

Ardhi inatikisika, volkano juu yao, na wao wananiogopa mimi kuliko volkano. Usiku ule sikulala. Niliona wazi kwamba kwa miaka saba nilikuwa nikidai deni kwa watoto ambao hawajawahi kukopa kwangu.

Kuomba msamaha kulinishinda mara ya kwanza. Nilianza na hadithi ya likelemba, nikalia, wao ndio wakanibembeleza, na tukamaliza bila mimi kusema nimewakosea. Siku iliyofuata nikarudia kwa maneno machache: niliwashuku bila sababu, nisameheni. Hapo ndipo nilipoona nyuso zao zinabadilika. Ukitaka kuomba radhi kwa watu wako, historia yako iweke pembeni kwanza, la sivyo watabeba mzigo wako mara ya pili.

Jambo la pili lilikuwa dogo, ila lilinisaidia kuliko maombi yote niliyofanyiwa. Wenzangu wa likelemba walikuwa bado wakiniletea habari za yule mwanamke, kaonekana wapi, kavaa nini. Nikawaambia basi, sitaki tena. Miezi michache tu nikaona sibishani naye tena kichwani nikiwa napiga pasi.

Usidhani niliacha mlango wazi. Kaye, yaani daftari ya vifaa, ipo mpaka leo, ila anayeiandika ni yule mkubwa wao, na ufunguo wa pili anao yeye. Mwaka jana zilipotea metre mbili za kikwembe cha mteja. Koo lilinikauka, majina yakanijia yenyewe. Nikatoka nje, nikanunua sambusa, nikala nimesimama, ndipo nikarudi kuuliza tulikata ngapi. Hazikuonekana mpaka leo. Nililipa mimi, maisha yakaendelea.

Kwako wewe, akikukosoa mtu, kabla hujamjibu jiulize sauti unayoisikia ni ya nani. Ikiwa ni ya yule wa zamani, mwambie huyu wa leo akupe mpaka kesho. Mimi bado nafanya hivyo.

Wiki ile ya kwanza baada ya kuomba msamaha, msichana mdogo alifika mlangoni jioni akanifungulia mfuko wake, mazoea tu. Nikamwambia afunge, aende, giza linaingia.