Karatasi ya kliniki na mpira wa puani

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 62, yuko ICU siku ya tisa kwa maambukizi kwenye damu. Figo zimesimama, anasafishwa damu kila baada ya siku moja, saa 4 kila mara, na analishwa kwa mpira wa puani. Mikono imekonda hadi naogopa kuitazama. Zamani kliniki ilimpa karatasi ya kupunguza nyama, maharage na maziwa, hivyo dada zangu wanataka apewe uji mwepesi tu. Shangazi anasema mashine inammaliza, tumpelekee mlonge na vidonge vya vitamini C. Nimsikilize nani? — H., Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Karatasi hiyo iwekeni kando kwa sasa. Iliandikwa wakati figo zimechoka lakini hana mashine.

Unakijua kifumbu cha kuchujia nazi: chicha hubaki, tui hupita. Chujio la mashine nalo huangalia ukubwa, haliangalii faida. Albumini, protini ya kwenye damu, ni kubwa, hubaki. Urea, taka ya mwili, ni ndogo, hupita, lakini vitamini C, B1, folati na amino asidi (vipande vinavyojenga protini) ni ndogo pia, hupita nayo. Kikao kimoja huchukua gramu 6 hadi 12 za amino asidi, na yai zima lina protini kama gramu 6. Hesabu mwenyewe, huku ugonjwa wenyewe ukila misuli yake. Ndiyo hiyo mikono unayoiona.

Mwongozo wa 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unataka mgonjwa wa namna hii apate protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Akiwa na kilo 60, ni gramu 60 hadi 90 kwa siku. Uji mwepesi wa sembe haufiki hata robo yake.

Kaka yangu alilala ICU hivyohivyo, nami nikiwa tayari nafanya kazi ya lishe. Tulimzuilia maziwa siku 11 kwa karatasi kama ya mama yako. Naijibu barua yako nikimkumbuka yeye.

Shangazi ameona jambo la kweli: vitamini C kwenye damu huweza kushuka theluthi hadi nusu kwa kikao kimoja, na hiyo ni kinga ya seli wakati wa maambukizi. Ila ikizidi hugeuka taka iitwayo oksaleti, na figo zilizosimama haziwezi kuitoa. Vitamini A nayo haitoki kwenye chujio, hurundikana, kwa hiyo vidonge vya mchanganyiko vya dukani msimpe. Mlonge una potasiamu nyingi; ikipanda, moyo unaweza kusimama. Chochote kisiingie kwenye mpira bila muuguzi kujua.

Kesho muulize daktari au mtaalamu wa lishe wa wodi: anapata gramu ngapi za protini kwa siku, kwa uzito gani? Vitamini za kundi B na folati anapewa, tena baada ya mashine na si kabla? Madini ya fosfeti kwenye damu yamepimwa? Yakishuka sana, misuli ya kupumulia hulegea.

Uliza pia akiwa kwenye mashine chakula kinasimamishwa kwa muda gani, na nani anakifidia. Kwa kaka yangu zilikuwa saa 6 kila kikao, na hakuna aliyefidia.