Sava ya Duka Ikifa, Usiiwashe Tena

Sava ikizima ghafla, kila mtu dukani anageuka fundi. Mhasibu anachomoa waya na kuuchomeka upya, kijana wa stoo anapiga kasha kwa kiganja, bosi anampigia shemeji yake "anayejua kompyuta". Mimi nikifika na bodaboda, mashine imeshawashwa na kuzimwa mpaka imechoka. Nimehudumia maduka ya jumla, maduka ya dawa na ofisi ndogo hapa Dar, kuanzia Kariakoo na Gerezani mpaka Mbezi, na ninachokiona ni hiki: mara nyingi ubovu wenyewe haukuua data. Data iliuawa na pupa ya saa ile ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya bisibisi, toa amri moja: hakuna anayegusa. Mashine ya mtumba utaipata Kariakoo leo leo, na pawa saplai yake pia. Orodha ya wadaiwa wako wote na bei ulizopatana nao haiuzwi popote.

Kisha tafuta kilichokufa ni nini. Kama hakuna taa wala feni, anza na vya bei rahisi: soketi, waya, UPS (lile kasha la betri linaloshikilia umeme ukikatika), halafu pawa saplai. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo hupokea kipigo cha kwanza. Ukinusa harufu ya kuungua, au ukiona kapasita zimevimba vichwa, shukuru, kwa maana diski ina nafasi nzuri ya kuwa salama. Kama feni zinazunguka lakini hakuna picha, chomoa ramu, safisha meno yake taratibu kwa kifutio laini, rudisha. Vumbi letu likichanganyika na unyevunyevu wa bahari hutengeneza utando ambao huuoni kwa macho. Na kama mashine inawaka ila ankara zinatoka na tarehe ya miaka ya nyuma, badilisha ile betri ya duara kwenye mazabodi, CR2032. Usikubali mtu akuuzie sava nzima kwa ugonjwa huo.

Ubovu wa diski ni habari nyingine. Diski ya sahani inayogonga, tak, kimya, tak, imeumia vichwa vya kusomea, na kila ukiiwasha vichwa hivyo vinaweza kukwangua sehemu iliyobeba data yako. Kuna mama mmoja mwenye duka la dawa la jumla ambaye aliniomba kwa upole kabisa: "Mwanangu, iwashe mara moja tu nione kama wadaiwa wangu wamo." Nikamjibu: "Wamo, mama. Ila tukiwasha wanaweza kuondoka." Diski ya namna hiyo hupelekwa kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake inauma. Usimruhusu mtu aifungue juu ya meza ya dukani. Wapo pia wanaoshauri kuifunga nailoni na kuiweka kwenye friza. Kwa joto la Dar, ukiitoa tu inatoka jasho, na maji na sahani za diski havipatani.

Kama haigongi ila inasoma kwa kusuasua, bado una nafasi, na hapa ndipo ninapotaka uwe mvumilivu. Usiingie Windows kuanza kukopi mafolda. Usikubali ile programu ya kukagua diski inayojileta yenyewe wakati mashine inawaka, kwa sababu inarekebisha kwa kuandika, na diski inayokufa haiandikwi kitu. Itoe, ifunge kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, nunua diski nzima yenye ukubwa uleule au zaidi, kisha tumia ddrescue, programu ya kunakili diski inayosumbua, kuihamisha yote. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inachukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, sehemu korofi inazirudia baadaye, na inaandika ramani ya ilipofikia. Umeme ukikatika katikati, unaendelea pale ulipoachia, mradi ramani hiyo umeihifadhi kwenye diski ya tatu. Kabla ya kubonyeza Enter, soma namba za utambulisho (serial) zilizobandikwa kwenye diski zote mbili na uzilinganishe na zile za kwenye skrini. Anayegeuza chanzo kuwa mwisho anajaza matupu juu ya biashara ya mtu. Mimi hubandika karatasi nyekundu kwenye diski ya mteja na kumwomba mtu mwingine asome namba kwa sauti. Wananicheka, sawa.

Ukarabati wote ufanyie kwenye nakala. Ile ya asili iweke kabatini.

SSD, zile diski zisizo na sahani, hazigongi. Leo ipo, kesho mashine haiioni kabisa, na mara nyingi hapo hakuna la kufanya zaidi ya kurudi kwenye bekapu.

Wenye sava za RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, huwa na kiburi kidogo, nami nawaelewa. Lakini RAID inakukinga na kifo cha diski tu. Faili likifutwa kwenye diski moja limefutwa kwenye zote, na virusi wa kufunga mafaili na kudai pesa hawaulizi una diski ngapi. Nilishaitwa kwenye duka la spea ambalo sava yake ya RAID 5 ilikuwa imewasha taa ya njano muda mrefu, ikipiga mlio. Mlio ule ulikuwa unawasumbua wateja, wakaunyamazisha. RAID 5 inavumilia diski moja kufa. Ya pili ilipokufa, duka zima likasimama. Na diski zilizonunuliwa siku moja, zikachoka pamoja kwenye joto moja, zina tabia ya kufuatana.

Ikitokea hivyo, kabla ya kuchomoa chochote, chukua utepe wa karatasi na kalamu nene, andika namba kwenye kila diski kufuatana na tundu lake, piga picha kwa simu. Jua ipi ilikufa kwanza. Hiyo ina data ya zamani, usiilazimishe irudi kundini. Ukihamishia diski kwenye sava nyingine yenye kadi ya RAID ya aina ileile, skrini inaweza kukuambia imeona mpangilio wa kigeni na kukuuliza uuingize au uufute. Ingiza. Na pale palipoandikwa "initialize", kaa mbali. Kama RAID yako ilitengenezwa na Linux yenyewe, una bahati, karibu kompyuta yoyote yenye Linux na nafasi za kutosha itazisoma.

Bekapu sasa. Karibu kila mteja ananiambia anayo. Swali langu ni lini mara ya mwisho ulirudisha faili kutoka humo na likafunguka. Nimeona folda yenye faili la kila usiku, majina na tarehe vimepangwa vizuri, na kila faili lina ukubwa wa sifuri, kwa kuwa mtu alibadilisha nywila ya hifadhidata na kazi ya usiku haikuambiwa. Nimeona diski ya nje iliyochomekwa kwenye sava moja kwa moja, ikaungua nayo siku ileile. Na tangu Soko Kuu la Kariakoo liungue Julai 2021, sihitaji maneno mengi kumweleza mtu wa mjini kwa nini nakala moja isilale jengo moja na sava. Nenda nayo nyumbani, au ipande intaneti usiku, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Wakati unahangaika na diski, duka liendelee. Chukua kompyuta ya kawaida yenye ramu ya kutosha, weka mfumo, rudisha bekapu, kisha ipe jina na anwani ya IP ileile ya sava ya zamani, na kompyuta za kaunta hazitajua kama kuna msiba. Hakikisha tu ile ya zamani haiwashwi kwenye mtandao huohuo. Kinachokwamisha hapa ni leseni: programu nyingi za uhasibu zimefungwa na mashine moja, na anayejua namba ya leseni aliacha kazi. Iandike kwenye daftari leo, pamoja na nywila ya msimamizi, na daftari lifungiwe.

Mauzo yaliyofanyika baada ya bekapu ya mwisho yanarudishwa kwa mkono, na hapa Tanzania tuna msaada ambao wengi wanausahau. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, inatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya kila siku. Chukua hizo, taarifa ya lipa namba, na kitabu cha risiti, ingiza ankara moja moja, na usimame pale tu jumla ya siku inapolingana na Z. Mtu mmoja asome, mwingine aandike. Ni kazi ya kuchosha, nunueni chai.

UPS nitaisema kwa ufupi. Betri zake za risasi huzeeka haraka kwenye joto, karibu nusu ya maisha hupotea kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na stoo yako isiyo na dirisha Februari unaijua mwenyewe. Ijaribu wakati sava imezimwa, ukiipa mzigo wa taa au feni. Ikizima papo hapo, badilisha betri.

Ile diski ya zamani usimpe mtu wa chuma chakavu wiki hiyohiyo. Ihifadhi mpaka mhasibu afunge hesabu za mwaka, kwani daima kuna ankara moja itakayotafutwa. Baada ya hapo itobolewe kwa drili, katikati ya sahani, matundu kadhaa. Ina majina na simu za wateja wako, na tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zikivuja ni wewe utakayeulizwa.