Mkuu, unanunua majina. Nunua dakika

Nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema FPL, ile fantasi ya ligi kuu ya soka ya England, unaijua hata usingizini, umefika Marekani mwaka jana, ukajiunga DraftKings, kampuni ya fantasi ya hela mtandaoni, kucheza fantasi ya kikapu ya siku moja: unapanga kikosi cha wachezaji wa NBA, na wanachofanya uwanjani usiku huo ndicho kinachokupa alama. Kila usiku unamweka nyota Nikola Jokić na wengine uliowaona kwenye klipu za mtandaoni, na kila asubuhi unaamka umeliwa hela. Unauliza sisi wengine tunachaguaje wachezaji. Walionitangulia wamekutajia majina ya kuweka leo. Majina ya leo kesho yamechacha. Mimi nitakueleza ninavyofanya, kaka yako niliyeanza kuliwa msimu wa 2017 hapa Columbus nikiwa zamu ya usiku ghalani. Baridi ile ya kwanza ilikwenda na zaidi ya dola 600, na mke wangu anaikumbuka hesabu hiyo kuliko mimi.

Kwanza iweke FPL pembeni. Kwenye soka, ukijua mtu ameanza, kwa kawaida umeshapata dakika zake 70 au 90. Kwenye kikapu kocha anabadilisha watu muda wote, hivyo kuanza si kucheza. Kila timu ina dakika 240 za kugawa kwa mchezo: watu watano uwanjani, dakika 48. Zichukue kama sinia la pilau. Wakila tisa, kila mmoja anajua tonge lake linaishia wapi. Mmoja asipofika mezani, fungu lake haliachwi lipoe. Kuna mtu atalila. Kazi yako ni kujua ni nani kabla bei yake haijapanda.

Na bei haipandi usiku huo, hapo ndipo penye tundu. DraftKings wanakupa 50,000 za kimchezo, siyo hela halisi, za kununua watu 8: pointi gadi (mpangaji wa mchezo), shutingi gadi, smoli fowadi, pawa fowadi, senta (mrefu wa katikati), gadi mmoja wa aina yoyote, fowadi mmoja wa aina yoyote, na nafasi ya UTIL ambayo anaingia yeyote. Bei zinatoka mapema, na zikishatoka hazibadiliki. Habari za nani anaumwa goti zinakuja baadaye. Mchezaji wa akiba wa 3,600 anayekupa alama 0.9 kwa dakika, akicheza dakika zake 16 za kawaida, ataleta alama 14 na kitu. Huyo wa nini. Aliye mbele yake akikosekana, yeye akapewa dakika 30, analeta 27 kwa bei ileile. Umelipa 3,600, umepata alama 7.5 kwa kila elfu. Jokić mwenyewe akiwa 12,000 anatakiwa alama 90 kufikia kiwango hicho, na 90 ni usiku wa kusimuliwa.

Kwa hiyo Jokić si tatizo. Tatizo ni kwamba ukishamlipa 12,000 umebaki na 38,000 kwa watu saba, kama 5,400 kila mmoja, na wewe unakwenda kuwanunua saba wa kawaida wenye dakika za kawaida. Jokić anawekwa usiku ambao kuna wawili wa 3,600 wenye dakika 30. Usiku ambao hawapo, mimi huwa namwacha, na ndiyo, mara nyingine ananiadhibu.

Sasa alama, maana naona bado unahesabu vikapu. (Pointi nitaziita zile za kufunga, alama zile za fantasi, tusichanganyane.) Pointi 1 ni alama 1, mtupo wa tatu (ule wa mbali wa pointi tatu) ukiingia unaongeza 0.5, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) 1.25, asisti (pasi ya kufungia) 1.5, kuiba mpira 2, bloku (kuzuia mtupo) 2, kupoteza mpira unakatwa 0.5. Dabo-dabo (kufikisha kumi kwenye vitu viwili, mfano pointi na ribaundi) inaongeza 1.5, tripo-dabo (kwenye vitatu) 3. Chukua gadi aliyefunga 26 na mitupo mitatu ya tatu, ribaundi 3, asisti 2, akapoteza mipira 3: ana alama 32.75. Chukua senta aliyefunga 12 tu, akadaka ribaundi 11, asisti 4, akaiba mmoja, akabloku miwili, akapoteza mmoja: ana 38.75. Kwenye klipu utamwona wa kwanza. Wa pili hata jina lake watangazaji wanalikosea.

Mfano ninaoupenda ni Josh Hart wa New York Knicks msimu wa 2024-25. Aliongoza ligi nzima kwa wastani wa dakika, 37.6 kwa mchezo, kwenye timu ambayo nyota wake ni Jalen Brunson na Karl-Anthony Towns. Pointi zake 13.6 tu. Lakini ribaundi 9.6 na asisti 5.9, akiwa na umbo la gadi. Piga hesabu: zaidi ya alama 34 kabla hujagusa mipira aliyoiba wala mitupo ya tatu. Kocha wake wakati ule alikuwa Tom Thibodeau, anayejulikana kwa kuwakamua watano wake wa kwanza mpaka tone la mwisho. Makocha wana tabia kama mama ntilie: kuna anayejaza sahani, kuna anayekupimia kwa kijiko. Wajue. Wa pili ndiye anayekuua, maana anachezesha watu 11 na hujui leo nani kaamka vizuri.

Umeandika pia kwamba unachagua warefu kwa ajili ya ribaundi. Sisi Wabongo tulipaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, alichaguliwa namba 2 kati ya wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry waliokuja kuwa nyota. Msimu wa kwanza pale Memphis alipata kama dakika 13 kwa mchezo, na ndani ya hizo akabloku zaidi ya mmoja. Kwa dakika alizopewa, bloku zake zilikuwa za kiwango cha juu kabisa. Dakika zenyewe ndizo hazikuwepo. Nilikuwa Dar bado, tulikuwa tunakesha kumsubiri atoke benchi.

Turudi kwenye sinia, hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakishajua siri ya dakika. Mtu akikosekana, usikimbilie anayemfuata kwenye nafasi ileile. Senta akiumia, kuna kocha anayemwingiza senta wa akiba, na kuna anayesema tucheze na wafupi, pawa fowadi anasogea katikati na dakika zinamwangukia gadi wa tatu. Mimi natafuta mchezo wa mwisho ambao mtu yuleyule alikosekana na kocha ni yuleyule, naangalia nani alicheza ngapi. Dakika tano za kazi, na wengi hawazifanyi. Kingine: dakika za aliyekosekana na mipira yake vinaweza kwenda kwa watu tofauti. Mpangaji mkuu akiwa nje, wa akiba anarithi dakika, lakini anayerithi mpira mkononi, na asisti zote zinazokuja nao, mara nyingi ni nyota wa pili ambaye atacheza dakika zake zilezile. Huyo bei yake ni 8,000 na watu wanamruka kwa sababu wanatafuta wa bei rahisi tu.

Ratiba yangu ya siku ni hii. Timu zinatakiwa kutoa ripoti ya majeruhi saa 11 jioni siku moja kabla ya mchezo. Zinazocheza siku mbili mfululizo ndizo hupewa, kwa mchezo wa pili, mpaka mchana wa siku yenyewe. Basi nikiamka mchana napitia walioandikwa hawapo na wale wa mashaka, ambao haijulikani kama watacheza. Wa mashaka ndio wenye hela. Pia naangalia nani alicheza jana, maana wakongwe wa timu iliyocheza jana wanapumzishwa sana. Saa 12 jioni narudi, nawasha taarifa za waandishi wanaofuata timu moja moja, siyo kurasa kubwa za michezo zinazochelewa. Kikosi cha kwanza rasmi kinajulikana kama nusu saa kabla ya mpira kurushwa. Nusu saa hiyo simu ya mtu siipokei, awe nani.

Nikwambie kilichonifundisha. Kuna usiku nilikuwa na nyota mmoja wa pwani ya magharibi, mchezo wake saa 4 na nusu usiku kwa saa za huku, ameandikwa wa mashaka lakini kila mtu anasema atacheza. Nikamweka kwenye nafasi ya pointi gadi, nikaingia kazini mapema kumshikia mwenzangu zamu, simu ikabaki kabatini. Kwenye pasha misuli akajaribu kukimbia, akarudi chumbani. Sifuri. Wengine wangu saba walikuwa wamewaka mpaka nikaona aibu. Mkeka ukachanika kwa mtu ambaye hata jezi hakuvaa.

DraftKings wanaruhusu kumbadilisha mchezaji ambaye mchezo wake haujaanza, hata kama michezo mingine imeshaanza. Kwa hiyo anayecheza mwisho kabisa mweke UTIL, anayemfuata mweke kwenye nafasi ya gadi yeyote au fowadi yeyote. Wa saa 1 usiku ndio wakae kwenye nafasi zao halisi. Usiku ule, hata ningekuwa na simu, kwenye nafasi ya pointi gadi ningehitaji pointi gadi mwingine wa saa 4 na nusu, na hakuwepo wa bei ile, wakati wachezaji wa nafasi nyingine walikuwa tele! Kupanga upya hakugharimu hata senti. Na kama utakuwa kazini, usimweke wa mashaka wa mchezo wa mwisho, uwe unampenda vipi.

Ukishajua dakika, angalia namba za kampuni za kubeti, hata kama hubeti. Wakiweka jumla ya pointi 236 na timu moja inapewa nafasi ya kushinda kwa 6, maana yake wanatarajia kama 121 kwa 115. Hapo kuna chakula. Jumla ikiwa 212, mpira utakuwa wa kuvutana na kila mtu atapungua. Tofauti ikiwa 12 au zaidi, ogopa: robo ya nne nyota wanakaa na taulo shingoni wakicheka na benchi, umelipa 10,000 kwa dakika 27. Ninachokitafuta ni jumla kubwa na tofauti ndogo, kisha nachukua wawili wa upande huu na mmoja wa upande ule. Ukienda muda wa nyongeza, ni dakika 25 zaidi za kugawa kwa kila timu, na hizo zinaliwa na wakubwa. Usirundike watano wa timu moja kama ulivyozoea kurundika Arsenal. Mpira ni mmoja, huyu akifunga yule hakufunga.

Kuhusu aina ya mashindano, umechanganya na ndiyo maana unaliwa hata ukipatia. Kwenye yale ya kuzidisha hela mara mbili unahitaji tu kuwa juu kidogo ya katikati: chukua dakika za uhakika, chukua yule wa 3,600 ambaye kila mtu anaye, usijifanye mjanja. Mimi hulenga alama 5 kwa kila elfu, yaani 250, na usiku wenye majeruhi wengi hata hiyo haitoshi. Kwenye yale makubwa ya zawadi nono kwa wa kwanza, 300 inaweza isikufikishe popote, na ukiwa na kikosi sawa na cha watu elfu mbili hata mkishinda mnagawana makombo. Huko ndiko unamwacha mmoja anayependwa na wengi na kuweka anayewatia wasiwasi. Mmoja au wawili, siyo wote wanane.

Na hesabu ya kampuni uijue. Mfano, watu 100 wakiweka dola 10, kapu lina 1,000. Wanalipwa 45, dola 20 kila mmoja, 900. Mia imebaki kwa mwenye duka. Ukipanga kwa kubahatisha unashinda siku 45 kati ya 100, na ili urudi pale ulipoanzia unahitaji 50. Mwaka 2015 kampuni ya ushauri ya McKinsey walichambua fantasi ya besiboli kwa nusu ya kwanza ya msimu wakakuta asilimia 1.3 ya washiriki ndio waliobeba asilimia 91 ya faida. Hao wana programu na wanaingiza vikosi hadi 150 kwenye shindano moja. Ndiyo maana mimi naingia yale yanayoruhusu kikosi kimoja kwa mtu, dola 3 au 5, na kiasi cha mwezi kinakaa kwenye kadi peke yake. Kikiisha tarehe 12, nimemaliza tarehe 12. Kati ya misimu mitatu ya mwisho nimepata faida kwenye miwili, na faida yenyewe ni ya kununua matairi, siyo gari.

Kwenye FanDuel, kampuni nyingine ya fantasi kama hii, usihamishie kikosi hikihiki. Kule bajeti 60,000 na watu 9, kuiba na kubloku ni alama 3 kila kimoja, kupoteza mpira unakatwa 1 nzima. Gadi mwenye mikono ya siagi anakuumiza mara mbili.

Ijumaa kuna michezo mingi. Panga kikosi chako, kiweke hapa kabla ya saa 12 jioni, na mbele ya kila jina andika dakika unazotarajia na kwa nini. Bei usiandike, nitaziona mwenyewe. Mimi naingia zamu saa 5 usiku, kwa hiyo ukiwa na wa mashaka kwenye UTIL, wa kumbadilisha utakuwa wewe.