Wekundu wa Titian: usipige koti la pili la rangi kesho!

Mkuu, weka hiyo brashi chini. Umesema unanakili "Bacchus na Ariadne" ya Titian, yule mchoraji wa Venice wa karne ya 16, kwa ajili ya mteja, koti (tabaka) la kwanza umelipiga jana kwa mafuta mengi ya kitani, na la pili unalipiga kesho ili Jumamosi ukabidhi. Mimi hapo hapo nilipoteza laki sita.

Yangu ilikuwa vazi jekundu la Bikira Maria, kutoka ile picha kubwa ambayo Titian aliichorea kanisa la Frari, Venice, kati ya 1516 na 1518. Aliyenifundisha rangi za mafuta aliniambia mng'ao wa wale mabingwa ni mafuta tu, nimimine nisiogope. Nikamimina, rangi ikateleza kama samli. Baada ya siku mbili nikagusa kwa kidole, hainati, nikajua imekauka. Juu yake nikapiga wekundu mwepesi niliouzimua kwa tapentaini. Siku ya kukabidhi picha iliwaka, mteja akalipa yote. Mwezi wa nne akapiga simu. Nilipofika sebuleni kwake, vazi lilikuwa limepasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na begani vipande vilishaanza kubanduka. Nilirudisha hela yote, fremu nikaila hasara, na yule mteja hajanipa kazi tena.

Yule mwalimu bado ananitia hasira. Kutojua si kosa. Kosa ni kumfundisha mtu kwa uhakika jambo ambalo wewe mwenyewe hukuwahi kukaa ukaona mwisho wake. Tukikutana chai ni juu yake, na chapati sitakula mbili.

Sikiliza kilichotokea. Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo kwenye kamba. Yanavuta oksijeni na kugeuka magumu, na yanaanzia juu. Kidole kinakudanganya kwa sababu kinagusa ngozi tu, chini bado kubichi. Ukiweka juu yake koti lenye mafuta machache, hilo linakakamaa haraka huku la chini likiendelea kujivuta, basi la juu linachanika. Kwa hiyo mafuta kidogo chini, zaidi juu, na katikati SUBIRI.

Titian alisubiri kuliko sisi sote. Mchoraji Palma il Giovane, aliyekuja kuimalizia picha ya mwisho ya mzee, alisimulia, na mwandishi Marco Boschini akayaandika, kwamba Titian alikuwa akiweka msingi wa rangi, kisha anazigeuza kanvasi zitazame ukuta, nyingine kwa miezi. Akizirudia anazikagua kana kwamba ni adui zake. Mwishoni alikuwa akimalizia kwa vidole zaidi ya brashi.

Kina cha rangi zake kinatoka humo humo. Koti jembamba linalopitisha mwanga linakaa juu ya koti lililokauka. Mwanga unapenya, unagonga rangi ya chini, unarudi umechujwa. Rangi hiyo huwezi kuikoroga kwenye paleti, ubao wa kuchanganyia, ukaipata. Tazama picha yako: shali la Ariadne, yule mwanamke, ni zingifuri, ile nyekundu ya zebaki na salfa, nzito na kali. Joho la Bacchus, mungu wa mvinyo, ni damu ya mzee, wekundu unaopitisha mwanga. Ukiupiga huo juu ya rangi mbichi, makoti mawili yatachanganyika na utapata rangi ya tofali.

Buluu ya anga uliyoiulizia ilisagwa kutoka jiwe la lazuli, lililotoka Badakhshan, Afghanistan. Leo ya kiwandani inatosha kabisa, usihangaike na jiwe.

Halafu unasema mteja ana haraka. Picha hiyo hiyo iliagizwa na Alfonso d'Este, mtawala wa Ferrara, mtu mwenye jeshi na mizinga. Kazi ilianza 1520 na aliipata 1523, baada ya kutuma watu kuuliza mara kwa mara. Kama mwenye mizinga alisubiri, mwenye sebule atasubiri. Mpigie leo, kabla hujamwambia "Jumamosi" mara ya pili.

Koti la jana, kama lina mafuta kama ulivyoeleza, mimi ningelikwangua lote sasa hivi likiwa bado bichi, nikaanza upya kwa rangi yenye mafuta machache. Ulichanganya mafuta kiasi gani, na chini ya hapo kanvasi uliipaka nini?